Kitabu au mwamuzi? Mchezo uliowagombanisha binamu wa Meru na Embu

MZAHA mzaha, wahenga walinena, hutumbuka usaha. Nilikumbuka maneno hayo Desemba iliyopita nyumbani kwa baba yangu karibu na Nkubu, kaunti ya Meru. Ilikuwa yapata saa tatu usiku. Binti yangu wa miaka 15 aliinuka mezani ghafla, akakusanya karatasi zake na kwenda kulala bila kumuaga mtu. Chai yake aliiacha ikipoa.

Binamu yake, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Embu, alibaki pale ameshika dadu mkononi, kinywa wazi.

"Lakini mjomba," aliniambia, "mimi nimefuata mchezo. Yeye ndiye aliyekanyaga."

Kukanyaga kwenyewe hakukuwa kwa miguu. Binti yangu alikuwa amekanyaga kwa maneno tu, ndani ya pango ambalo halipo, akitafuta hazina ambayo haijapata kuwapo. Alisema, "Naingia ndani." Kijana akarusha dadu, akaitazama, akatangaza kwamba sakafu imefunguka, shimo ni refu na lina miti iliyochongwa. Mhusika wake amekufa.

Mhusika huyo alikuwa mfinyanzi yatima aliyekuwa akimtafuta ndugu yake aliyepotea. Binti yangu alikuwa ameandika habari zake kurasa nne nzima za daftari. Maisha yote hayo yalikwisha kwa dadu moja, hata kabla ya chai kupoa.

Siku mbili binamu hao hawakusemezana. Nami nikajiuliza, je, ni mchezo gani huu wenye uwezo wa kutenganisha damu moja?

Si bao, si drafti

Msomaji ambaye hajauona asidhani ni mchezo wa ubao kama drafti. Huu ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mkiwa mmekaa mezani. Mmoja wenu ni mwamuzi. Yeye ndiye anayeeleza mahali mlipo: pango, msitu, soko, kasri la mfalme. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake na ujuzi wake vimeandikwa kwenye karatasi. Mwamuzi huuliza, "Mnafanya nini?" Wachezaji hujibu. Jambo lisilojulikana litakwendaje huamuliwa kwa dadu, na mara nyingi dadu hiyo ina pande 20.

Hakuna mshindi wala mshinde. Hakuna fedha inayowekwa mezani. Kikao kinaweza kumalizika baada ya saa tatu au nne, kisha wiki ijayo mkaendelea pale mlipoachia.

Uliovuma kuliko yote ni Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu: kisanduku chenye vijitabu vitatu. Gygax alifariki mwaka 2008 na Arneson mwaka 2009, lakini mchezo wao umezaa mamia ya michezo mingine.

Pamoja na hayo umezaa kambi mbili. Kuna wanaoshikilia mtindo wa kale na kuna wanaoshikilia mtindo mpya. Mpwa wangu aliujua mchezo kwa wenzake chuoni, watu wa mtindo wa kale. Binti yangu aliujua kwa kutazama Critical Role, kipindi cha waigizaji wa sauti wa Marekani walioanza kuonyesha mchezo wao mtandaoni mwaka 2015. Wote wawili walidhani wanacheza mchezo mmoja.

Mtindo wa kale: akili yako ndiyo ngao

Katika mtindo wa kale, sheria ni chache na mwamuzi ni mkubwa. Kitabu hakiwezi kutaja kila jambo, kwa hivyo mwamuzi hupima na kutoa uamuzi papo hapo.

Hebu tulichukue pango lile lile. Mchezaji wa mtindo wa kale hafiki mlangoni akasema, "Naingia." Atauliza sakafu ni ya nini, mawe au udongo. Atauliza kama kuna nyayo. Atachukua kibuyu amwage maji aone yanapotelea wapi. Atatanguliza ufito mrefu. Ikiwa ameuliza vyema, mwamuzi atamwambia kwamba maji yametoweka kwenye ufa ulionyooka kama mstari, na pengine dadu haitarushwa kabisa. Aliyeokoka ameokoka kwa akili yake mwenyewe, si kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Uhai nao ni wa thamani ndogo. Katika vijitabu vya 1974, kila sifa ya mhusika ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, na ukipata mnyonge unacheza na mnyonge wako. Mhusika mchanga angeweza kuuawa kwa pigo moja. Lakini sheria hizo zilikuwa na siri yake: hazina iliyotolewa pangoni ilimkomaza mhusika haraka kuliko kuua majitu. Kwa hivyo mwerevu hakupigana ovyo. Alinyata, alihonga, alidanganya, alikimbia. Ni Sungura yule yule wa hadithi zetu, ambaye hamshindi Fisi kwa misuli.

Wapenzi wa mtindo huu husema utamu wake uko hapo. Kama kifo hakiwezekani, wanauliza, kuokoka kuna maana gani?

Mtindo mpya: mhusika ana haki zake

Wa mtindo mpya wana jibu lao, na si jibu jepesi.

La kwanza ni haki. Mwamuzi ni binadamu. Leo amefurahi, kesho amenuna. Anaweza kumpendelea rafiki yake, au akasahau kwamba wiki jana aliamua kinyume. Ndiyo sababu sheria huandikwa. Katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2000, karibu kila tendo gumu lilipewa utaratibu mmoja: rusha dadu ya pande 20, ongeza ujuzi wa mhusika wako, kisha linganisha na kiwango cha ugumu. Mchezaji anajua mapema nafasi yake ya kufaulu, na mwamuzi hawezi kumchezea shere.

La pili ni kwamba mchezaji si mhusika. Fikiria kijana mwenye haya, asiyeweza kusimama mbele ya darasa. Yeye anataka kumwigiza mshenga mwenye ulimi wa asali. Ukimlazimisha aseme kila neno mwenyewe, mshenga huyo hatazaliwa kamwe. Ukimruhusu arushe dadu na kuongeza ujuzi wa mshenga wake, atapata nafasi ya kuwa mtu ambaye maishani bado hajawa. Hatumdai anayemwigiza shujaa ainue jiwe halisi. Mbona tumdai anayemwigiza msemaji awe msemaji halisi?

La tatu ni hadithi. Wengi wa kambi hii huketi mezani ili kuona maisha ya mtu yakikua, yenye huzuni na furaha. Kwao kifo si mwiko, ila kinapaswa kuwa na uzito. Michezo mingine imekwenda mbali zaidi. Katika Apocalypse World ya mwaka 2010, kazi ya Vincent Baker na Meguey Baker, mwamuzi harushi dadu hata mara moja. Wachezaji hurusha dadu mbili za kawaida: wakipata kuanzia 10 wamefaulu, kati ya 7 na 9 wamefaulu lakini kwa gharama, na 6 au chini mambo yanawaharibikia.

Je, msomaji, kati ya hao wawili wewe ungekaa meza ya nani? Usijibu upesi.

Ubishi wa karne mbili

Watu hudhani ubishi huu ni wa vijana wa juzi. La hasha. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, afisa wa jeshi la Prussia, nchi iliyokuja kuwa sehemu ya Ujerumani, alitoa mchezo wa vita wa kuwafundishia maafisa. Ulikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi, na majedwali ya kuonyesha hasara ya kila shambulio. Kadiri miaka ilivyopita sheria zilirundikana hadi maafisa wakachoka nazo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza majedwali yawekwe kando, na afisa mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Hapo kambi za kitabu na mwamuzi zilikuwa zimekwisha kuzaliwa.

Mbegu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, David Wesely aliendesha mchezo ambao kila mchezaji alipewa mtu mmoja wa kuigiza badala ya jeshi zima. Arneson alikuwa miongoni mwa wachezaji wake. Mwaka 1971 yeye naye akaanza mchezo wake wa mapango na majitu, na kutoka hapo tukafika 1974.

Hata hapo hapakuwa na amani. Mwaka 1975 kijitabu cha nyongeza kilimleta mhusika mwizi, aliyekuwa na asilimia yake ya kugundua na kuondoa mitego. Jambo dogo, lakini lilizaa swali kubwa. Ikiwa mwizi hutafuta mtego kwa dadu, mchezaji mwingine atautafuta kwa maneno kwa faida gani? Mwaka huo huo Lee Gold wa Los Angeles alianzisha jarida la Alarums and Excursions, ambamo wachezaji walitumiana makala na kubishana kuhusu mambo kama hayo. Mwaka 1984 mfululizo wa Dragonlance ukaja na hadithi ndefu iliyopangwa tangu mwanzo, yenye mashujaa wake tayari.

Baadaye gurudumu lilirudi lilikotoka. Toleo la mwaka 2000 liliambatana na leseni iliyoruhusu watu wengine kutumia sheria zake. Wapenzi wa mambo ya kale wakaitumia kuzifufua sheria zilizokuwa zimeacha kuchapishwa. Mmojawapo wa mifano maarufu ni OSRIC ya mwaka 2006. Mwaka 2008 Matt Finch akaandika kijitabu kifupi cha kuwafundisha wageni mtindo wa kale, kilichowahimiza wategemee uamuzi wa mwamuzi kuliko wingi wa sheria. Kwa hivyo, kijana anayejisifu leo kwamba anacheza kikale mara nyingi anafuata mtindo ambao watu wa juzi waliuchagua na kuupa jina.

Wazee wa Nchiru na Katiba

Nikirudi Nkubu, asubuhi ya siku ya tatu baba yangu alichoka na kimya cha wajukuu wake. Aliwaita chini ya mwembe. Hajui lolote kuhusu majitu wala dadu ya pande 20, lakini amekaa vikao vingi vya wazee na anajua kusikiliza kesi.

Kila mmoja alitoa maelezo yake. Kijana alisema mtego ulikuwapo tangu mwanzo, alikuwa ameuchora kwenye karatasi kabla ya mchezo, na kama angeufuta kwa kumwonea binamu yake huruma, basi angekuwa mwongo. Msichana alisema mhusika wake alikuwa na ujuzi wa kuona mitego, umeandikwa, na hakupewa nafasi ya kurusha dadu.

Mzee alinyamaza kidogo.

"Wajukuu wangu," aliuliza, "kabla ya kuketi mlikubaliana nini?"

Walitazamana. Hawakuwa wamekubaliana chochote.

Mzee akawaambia habari za kiothi, bao la Wameru. Walipokuwa wavulana malishoni walichimba mashimo ardhini, wakatumia mbegu au vijiwe. Lakini aliyetoka kijiji kingine alikuja na desturi zake: idadi yake ya mashimo, idadi yake ya kete. Kwa hivyo kabla ya kete ya kwanza kushikwa mliulizana, "Leo tunacheza vipi?" Asiyeuliza, alisema mzee, alikuwa ameshatafuta ugomvi.

Nilipomsikiliza nilikumbuka mambo mawili ya nchi yetu.

La kwanza ni Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ambalo makao yake yako Nchiru, Tigania. Kwa vizazi vingi baraza hilo limesuluhisha kesi za ardhi na mifugo pasipo kitabu cha sheria. Nguvu yake ni kumbukumbu, mila na heshima ya wanaoamua. Huo, kwa namna fulani, ndio mtindo wa kale. Na huko huko Nchiru kimejengwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambako kila kitu, kuanzia mtihani hadi maktaba, kina kanuni iliyoandikwa.

La pili ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama ziendeleze njia nyingine za kutatua migogoro, zikiwemo zile za jadi. Lakini kifungu hicho hicho kinaweka mipaka: njia za jadi zisitumiwe kwa namna inayokiuka Sheria ya Haki, wala inayokwenda kinyume cha haki na maadili, wala isiyopatana na Katiba au sheria iliyoandikwa. Yaani Kenya haikumtupa mwamuzi ikashika kitabu, wala haikukitupa kitabu ikamshika mwamuzi. Iliandika mapema ni wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia.

Ikiwa taifa zima lilihitaji kuandika jambo hilo, vipi binamu wawili mezani?

Mzazi, usikimbilie kukataza

Najua kuna mzazi atakayesoma makala haya na kuingiwa na hofu. Majitu, uchawi, dadu! Hofu hiyo si ngeni. Huko Marekani, mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa Michigan alipotoweka, mchezo huu ulilaumiwa, ingawa baadaye ilibainika kwamba haukuwa chanzo. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na makundi yaliyoupinga kama mlango wa ushetani. Nasi Kenya, waliokulia miaka ya 1990 wanaikumbuka tume iliyoundwa na Rais Daniel arap Moi mwaka 1994 kuchunguza madai ya ibada za shetani.

Ushauri wangu ni mmoja: keti mezani usikilize. Utakachokiona ni watoto wakihesabu, wakisoma, wakijadiliana na kusubiriana zamu. Dadu hapa si kamari, kwani hakuna anayeondoka na shilingi ya mwenzake. Hata hivyo, kikao kirefu kinaweza kumeza usiku wa masomo. Saa ya kumaliza na iwekwe mapema. Na kama hadithi inamtisha mtoto mdogo, ana haki ya kusema hapana.

Gharama nayo haipaswi kuwa kizuizi. Tangu mwaka 2023 sheria za msingi za toleo la tano zimewekwa chini ya leseni huru, kwa hivyo zinaweza kusomwa na kunakiliwa bila malipo. Ukikosa dadu ya pande 20, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vitie mfukoni na uchote. Hata kampuni ya Gygax iliwahi kuweka vikaratasi vya namba ndani ya visanduku vyake dadu zilipokuwa adimu.

Leo tunacheza vipi?

Wachezaji wengi wa siku hizi wana desturi ya kukutana mara moja kabla ya mchezo wenyewe kuanza, ili wapatane. Baba yangu hajapata kusikia habari hiyo, lakini ndiyo aliyowafundisha wajukuu wake chini ya mwembe. Nasi tukaketi tukaandika mambo matatu nyuma ya daftari.

Kwanza, mitego na vitendawili vya pangoni vitatatuliwa kwa maneno, kama apendavyo kijana. Anayetaka kuokoka aulize. Lakini mwenye ujuzi ulioandikwa atapewa dokezo bila kuomba, kwa sababu mfinyanzi aliyeishi kwa udongo angeitambua sakafu isiyo ya kawaida.

Pili, kumshawishi mtu, kubembeleza au kutisha kutaamuliwa kwa dadu na ujuzi wa mhusika, kama apendavyo msichana. Asiye msemaji naye apate kusema.

Tatu, mhusika anaweza kufa, ila mwamuzi atoe onyo moja la wazi kabla ya hatari ya kuua. Akionywa akaendelea, asimlaumu mtu.

Likabaki swali la mfinyanzi. Mpwa wangu, kwa kutaka amani, alijitolea kumfufua. Nilidhani binti yangu angekubali mara moja. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akakataa. Alisema shimo lile sasa limo katika hadithi, na likifutwa, kurasa zake nne nazo zitakuwa uongo.

Akachukua karatasi mpya. Mhusika wake wa pili ni ndugu yule aliyepotea, ambaye amerudi nyumbani akaambiwa dada yake aliingia pangoni kumtafuta na hakutoka.

Usiku huo walicheza hadi saa nne, saa tuliyoafikiana. Ndugu alipofika kwenye mlango wa pango hakusema, "Naingia." Aliomba kibuyu cha maji.